Ruhusa Imekataliwa

Mwaka jana, siku chache baada ya muhula kufunguliwa, nilikabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta. Kazi za nyumba ziligawanywa kama kawaida: huyu ghala, yule bustani, mwingine sakristia, na mimi kompyuta, kwa sababu tu kabla ya kuingia seminari niliwahi kufanya kazi miezi minane katika duka la kuchapisha na kutoa nakala. Sijasomea fani hii. Ninachojua nimekiokota njiani, na mpendwa msomaji utaona mwenyewe hasara ya kuokota nusu ya jambo.

Kompyuta zetu ni za msaada na zimezeeka. Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo mwisho wa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine zetu haziwezi kupokea Windows 11, kwa kuwa toleo hilo linadai kichakato kipya zaidi pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Tukaamua kuweka Linux Mint. Lakini katika kompyuta ile kubwa ya pembeni hatukuiondoa Windows, maana programu yenye orodha ya vitabu vya maktaba inakubali Windows tu. Basi mashine ile ikawa na mifumo miwili. Ukiiwasha unachagua mmoja.

Diski yake imegawanywa vipande. Kipande kimoja, kile ambacho Windows hukiita D, kina vitu vya watu wa miaka mingi: notisi, mitihani iliyopita, nyimbo za kwaya, picha za madaraja. Kimepangwa kwa mtindo wa NTFS, ambao Microsoft iliuleta pamoja na Windows NT mwaka 1993. Linux inausoma vizuri, ila kwanza lazima ukipachike kipande hicho, yaani uuambie mfumo kwamba yaliyomo yaonekane ndani ya folda fulani. Amri yake ni mount. Ili usirudie kila siku, unaandika mstari mmoja katika faili liitwalo /etc/fstab, na mashine hukipachika yenyewe inapowaka. Mimi nilinakili mstari huu kutoka katika daftari lililoachwa na aliyenitangulia:

/dev/sda2 /mnt/data ntfs-3g umask=022 0 0

Nikawasha, nikaona mafolda yote yapo, nikafunga mlango nikaenda masifu ya jioni nikiwa na furaha.

Kesho yake frateri wa mwaka wa tatu akanijia. Anafungua notisi zake, anasoma, anasahihisha, lakini akitaka kuhifadhi anaambiwa hana ruhusa. Nikamwambia aketi, ni jambo la dakika moja. Nikaandika ile amri ambayo kila anayejifunza Linux huijua kabla hajaijua maana yake: sudo chmod -R 777 /mnt/data. Ikapita bila neno. Akajaribu tena: hana ruhusa. Nikajaribu chown, ya kubadilisha mwenye mali. Nayo ikapita bila neno. Nikaandika ls -l nione, na kila faili lilikuwa bado limeandikwa root, root, root, mpaka chini ya skrini. Ningekemewa ningejua pa kushika. Amri zile ziliitikia "ndiyo" kama mtoto anayeitikia huku haendi kokote. Dakika moja yangu ikawa saa mbili, na yule frateri akaenda kuandika kwa mkono.

Jambo lenyewe, nilipokuja kulielewa, ni rahisi. Linux haimtambui mtu kwa jina, inamtambua kwa namba. Mtumiaji wa kwanza katika Mint ni 1000, anayefuata 1001, na msimamizi mkuu, root, ni 0. Katika diski ya Linux kila faili limeandikwa namba ya mwenyewe na namba ya kundi lake. Windows nayo ina wenye mali, lakini inawaandika kwa utambulisho wake mrefu unaoanza na S-1-5, na Linux ikiukuta haijui kama huyo ni 1000 au 1001. Ni kama frateri wa ghala akabidhiwe leja iliyoandikwa kwa alama za mwenzake aliyehama: magunia anayaona, anaweza hata kuyahesabu, ila ya nani hajui. Sasa ntfs-3g, programu inayopachika vipande hivi, isipoelekezwa huchukua njia ya mkato: aliyefungua mlango ndiye mwenye vyote. Mlango ulifunguliwa na root mashine ilipokuwa inawaka. Basi vyote ni vya root, na ule umask=022 wa daftarini ukawaachia wengine kusoma tu.

Na chmod? Amri ile hubadilisha kilichoandikwa katika faili. Hapa hapakuwa na kilichoandikwa; ruhusa zote zilitungwa wakati wa kupachika, na zinadumu hivyo mpaka upachue na kupachika upya. ntfs-3g ikipewa chmod katika hali hiyo haifanyi kitu na, kwa kawaida yake, hairudishi kosa. Imepangwa iwe hivyo ili programu zinazonakili mafaili zisikwame. Nia njema, lakini ilinigharimu asubuhi nzima.

Kwa hiyo dawa si kubadilisha mafaili, ni kubadilisha ule mstari. Kwanza nikaandika lsblk -f kuona UUID ya kipande, yaani kitambulisho chake cha kudumu, kwa sababu jina kama /dev/sda2 linaweza kuhamia kipande kingine siku ukiongeza diski. Kisha:

UUID=(kitambulisho) /mnt/data ntfs-3g uid=1000,gid=1000,umask=022 0 0

Hizo tarakimu za umask zinawatisha watu bure. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha programu (au kuingia, kama ni folda) ni 1, jumla 7. Tarakimu ya kwanza ni ya mwenyewe, ya pili ya kundi, ya tatu ya watu wengine wote. Ila umask hausemi unachotoa, unasema unachonyima. 022 maana yake mwenyewe hanyimwi kitu, kundi linanyimwa 2, wengine wananyimwa 2.

Nikajaribu kuhifadhi faili, likakubali. Nikatangaza mezani kwamba tatizo limekwisha. Watu wazima mnaosoma hapa mmeshaona kosa: 1000 ni mimi. Nilijaribu mimi, nikafaulu mimi, na wenzangu wote walibaki walipokuwa. Kwa aibu nikafanya ambalo nisingemshauri mtu, nikaweka umask=000, kila mtu na afanye apendavyo. Amani ilidumu kama wiki mbili, hadi folda ya nyimbo za kwaya ilipotoweka siku moja kabla ya mazoezi ya sikukuu. Tuliikuta ndani ya Historia ya Kanisa, tena ndani kabisa, mtu ameiburuta kwa kipanya bila kujua. Hakuna aliyekiri na nadhani hakuna aliyejua.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikauliza swali ambalo ningeanza nalo: nani anahitaji kufanya nini? Wote wanahitaji kusoma. Wanaohitaji kuandika ni wachache, wale wanaokusanya notisi kwa kila darasa, pamoja na mwalimu wa kwaya. Nikaunda kundi, sudo groupadd -g 2000 masomo, nikaingiza kila mmoja wao kwa sudo usermod -aG masomo na jina lake. Mstari ukawa:

UUID=(kitambulisho) /mnt/data ntfs-3g uid=1000,gid=2000,dmask=002,fmask=113,nofail 0 0

dmask ni ya mafolda, fmask ni ya mafaili. Kundi linaandika, wengine wanasoma, na ile 1 iliyonyimwa kila mtu katika mafaili ni ya kuendesha programu, kwa kuwa notisi za Liturujia si programu. nofail huizuia mashine isigome kuwaka kama kipande hakikupatikana. Niliiongeza baada ya kukosea herufi moja ya UUID na kukuta asubuhi skrini nyeusi yenye maandishi ya dharura mbele ya darasa zima.

Mambo madogo matatu yaliyonipotezea muda, nayataja haraka kwa ajili ya atakayepokea funguo baada yangu. Usiweke nafasi baada ya mkato: uid=1000, gid=2000 inavunja mstari, maana katika fstab nafasi hutenga safu. Ukibadilisha mstari, kwanza sudo umount /mnt/data, kisha sudo mount -a, uone makosa ungali umekaa kwenye kiti kabla hujazima mashine. Na mtu ukimwingiza katika kundi, lazima atoke katika akaunti yake na kuingia upya ndipo kundi limtambue. Mwalimu wa kwaya alinisumbua nusu saa kwa hilo, au mimi ndiye niliyemsumbua.

Ningeishia hapo makala ingekuwa ya ushindi. Lakini kuna mlango mwingine unaokataa kwa maneno yanayofanana kabisa, na huo niliuvunja.

Tunaishi na padre mmoja mstaafu, mzee wetu, ambaye amefanya kazi katika parokia za vijijini tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana alianza kuandika habari za makatekista wa kwanza wa vigango alivyovihudumia: nani alimfundisha nani, nani alijenga kanisa la nyasi, nani alitembea siku mbili kwenda kuchukua mafuta. Hana karatasi, anavyo kichwani. Alikuwa anaandika usiku katika WordPad kwenye kompyuta yake mpakato, ambayo nayo nilikuwa nimeiwekea Mint pembeni ya Windows. Kuzima mashine si desturi yake. Anafunika tu kama anavyofunika kitabu. Betri ikikaribia kwisha, Windows huandika kila kilichomo katika kumbukumbu ndani ya faili moja kubwa liitwalo hiberfil.sys, kisha hujizima. Ukiiwasha tena, kila dirisha linarudi lilipokuwa, hata maneno ambayo hayajahifadhiwa.

Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake. Uliporudi, Padre aliwasha mashine akaenda kuweka maji ya chai. Mashine husubiri sekunde kumi mtu achague mfumo. Asipochagua, inaingia Mint. Aliporudi akakuta Mint, hakujali, akachomeka flashi yenye barua alizokuwa ameskaniwa mjini, akataka kuzinakili katika folda yake ya Windows. Ikakataa. Akaniita.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina, mwanangu. Hii imeninyima. Nyumba ni yangu na imeninyima."

Nilicheka, nikakaa. Nilikuwa nimeshapata sifa yangu nyumbani kwa jambo hili. Nikafungua dirisha la amri, nikapachika kipande chake kwa uid=1000 na gid=1000, na majibu yalikuja mistari minne mitano. Niliiona, sikuisoma. Nimerudi kuisoma mara nyingi baadaye, na haina fumbo lolote. Inasema kwamba Windows imelala usingizi wa hibernesheni, kwamba kipande hakiko katika hali salama na kwa hiyo kimepachikwa kwa kusoma tu, na kwamba uiamshe Windows, kisha uizime kikamilifu. Sababu yake ni ya maana. Ndani ya lile faili kubwa Windows imehifadhi pia picha ya hali ya diski ilivyokuwa ilipolala. Linux ikiandika kitu wakati huo, Windows ikiamka itaendelea kuandika kwa kufuata picha ya zamani, na mafaili yanaweza kuharibika kila upande. Hapa hakuna anayeulizwa yeye ni nani. Hata root anakataliwa.

Katika daftari langu nilikuwa na neno la kulimaliza hilo: remove_hiberfile. Nililitumia miezi miwili kabla katika kompyuta ya maktaba na halikudhuru kitu. Sikujua kwa nini halikudhuru. Ile ya maktaba ilikuwa imezimwa kwa kawaida, ila tangu Windows 8 kuna kitu kiitwacho Fast Startup: ukibonyeza kuzima, Windows humtoa mtumiaji na kufunga programu zake, lakini kiini cha mfumo hukilaza katika diski ili kesho iwake upesi. Linux inaona usingizi ule ule na kukataa vile vile, lakini ndani ya faili hakuna maandishi ya mtu. Mashine ya Padre haikuzimwa na mtu. Ndani ya faili lake kulikuwa na WordPad wazi.

Nikaandika amri pamoja na neno lile. Kipande kikapachikwa, barua zikanakiliwa. Padre akanipa chai na kuniambia nitafika mbali.

Jioni alipowasha Windows ilifunguka safi, bila dirisha hata moja. Aliponiita mara ya pili hakunilaumu, aliuliza tu: "Yale niliyoandika wiki hii umeyaweka wapi?" Nikatafuta mpaka saa nne usiku. Faili lake lilikuwepo hadi pale alipohifadhi mwisho, siku nne nyuma. Usiku huo ndipo nilipofungua kitabu cha maelezo cha ntfs-3g, kilichokuwa ndani ya mashine muda wote, na kukuta onyo kuhusu neno lile: kikao cha Windows kilichohifadhiwa kitapotea kabisa, na mtumiaji achukue wajibu mwenyewe.

Nimejiuliza kwa nini nilisoma vizuri mistari ya fstab na sikusoma ile minne. Nadhani ni kwa sababu mashine ilipomnyima frateri yule, ilikuwa kweli haimjui, na kuishinda ilikuwa haki. Nikazoea kwamba kila kukataliwa ni ujinga wa mashine unaongoja mtu wa kuurekebisha. Katika kumnyima Padre, mashine ilikuwa inamlindia kitu chake, tena ilinieleza kwa maneno.

Kinachotakiwa kufanywa ni kidogo. Anzisha upya, chagua Windows, iache iamke, hifadhi kila kilicho wazi, kisha zima kabisa: shikilia Shift huku ukibonyeza Shut down, au chagua Restart na uingie Linux kutoka hapo, kwa kuwa Restart haipiti katika Fast Startup. (Wengi hudhani kuzima ni kukamilifu kuliko kuanzisha upya. Katika Windows hizi ni kinyume.) Kama mashine ina mifumo miwili, ni afadhali uondoe usingizi huo moja kwa moja: ndani ya Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, na hibernesheni pamoja na Fast Startup vyote vinaondoka. Tatizo likiwa ni diski iliyozimwa ghafla bila usingizi wowote, ntfsfix husaidia kiasi, lakini haitengenezi kila kitu; matengenezo kamili ni chkdsk, na hiyo ni ya Windows. Neno remove_hiberfile nimeliacha daftarini, ila pembeni nimeandika kwa kalamu nyekundu maneno mawili: uliza mwenyewe.

Kwa Padre nilifanya powercfg /h off siku iliyofuata, naye mbele yangu akibonyeza mwenyewe. Nikabadilisha pia mpangilio ili mashine ingoje mpaka mtu achague mfumo. Kisha nikamwomba anisimulie upya yaliyopotea, nami niandike. Tulifanya hivyo Jumamosi tatu baada ya kazi za mikono. Kila nikimaliza aya ninabonyeza Ctrl na S, naye alipoona akaanza kunikumbusha kabla sijafanya.

Hakusimulia kwa mpangilio ule ule. Kuna mambo mapya yaliyokuja, kama habari ya kengele iliyotengenezwa kwa rimu ya lori, ambayo alisema mara ya kwanza hakuikumbuka. Lakini katika kigango kimoja cha ng'ambo ya mto aliandika mara ya kwanza majina matano ya makatekista, na sasa amepata manne. Wa tano anaukumbuka uso wake, baiskeli yake na mke wake. Jina halikuja. Tumeacha nafasi tupu katika mstari huo, na likizo ya Juni, nikipata ruhusa ya Baba Gombera, nitapita kule kigangoni kuwauliza wazee.